Haidrojeni ni ya kundi gani? Jibu kwa mwalimu wa Rungwe

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu mpya, nafundisha kemia Kidato cha Pili na cha Tatu kwenye sekondari moja ya kata huku Rungwe. Juzi nilikuwa nafundisha kundi la kwanza. Nikasema elementi za kundi hilo ni metali laini, zinakatika kwa kisu, na zikikutana na maji ni vurugu tupu. Binti mmoja akanyoosha mkono: 'Mwalimu, mbona haidrojeni iko juu kabisa ya kundi hilo na ni gesi?' Nikamwambia haidrojeni ni metali, ila ni nyepesi mno ndiyo maana iko katika hali ya gesi. Nilimwona hakuridhika. Kesho yake akaja na kitabu cha zamani cha kaka yake. Humo haidrojeni imewekwa juu ya florini. Kuna na bango moja tulilopewa shuleni, hilo limeiweka peke yake juu katikati. Sasa natengeneza chati ya manila ya kubandika darasani na sijui kisanduku chake nikichore wapi. Je, nilimdanganya yule mtoto? Wanafunzi waandike nini kwenye mtihani? Na nitawaonyeshaje haidrojeni ilhali maabara yetu haina vifaa?"

Marahaba mwalimu, na hongera kwa kupata mwanafunzi wa namna hiyo. Swali lake limewasumbua wanakemia tangu jedwali la elementi lianze kuchorwa, na mpaka leo wako wanaobishana. Usione aibu kwamba lilikukwamisha.

Nianze na lile linalokukera. Ulichomwambia si sahihi, na inabidi urekebishe, tena mbele ya darasa lile lile, maana wenzake nao walisikia. Haidrojeni tunayokutana nayo hapa duniani si metali. Wala wepesi wake hauhusiani na ugesi wake. Lithiamu ni nyepesi hadi inaelea juu ya mafuta ya taa, na bado ni metali yabisi ya kushikika. Kwa upande wa pili kuna zenoni, ambayo atomu yake ina uzito unaozidi mara mbili ya atomu ya chuma, lakini ni gesi. Kwa hiyo uzito wa atomu hautuambii kama kitu kitakuwa gesi, na hautuambii kama kitakuwa metali. Kinachoamua ni jinsi atomu zinavyozishika elektroni zao za nje.

Umewahi kuona sodiamu ikikatwa. Kipande kinatolewa kwenye mafuta, kisu kinapita kama kwenye jibini, uso uliokatwa unang'aa kama fedha, na kabla hujamaliza kuushangaa umeshaanza kufifia. Ulaini ule, ule mng'ao, na uwezo wa kupitisha umeme vyote vinatokana na jambo moja: kila atomu ya sodiamu imeishika elektroni yake ya nje kwa ulegevu. Elektroni hizo hazina mwenyewe. Zinazurura kati ya atomu zote za kipande kile, na ndizo zinazoziunganisha atomu hizo ziwe metali. Bila ulegevu huo hakuna metali.

Sasa tazama namba. Kung'oa elektroni ya nje ya sodiamu kunahitaji kilojuli 496 kwa moli. Lithiamu inahitaji 520, potasiamu 419. Haidrojeni inahitaji 1,312. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya lithiamu iliyo chini yake moja kwa moja kwenye jedwali, na inaizidi hata klorini, ambayo inahitaji 1,251. Ukiwaandikia wanafunzi namba za sodiamu, lithiamu, potasiamu na haidrojeni ubaoni bila majina, ukawaambia watafute isiyo ya ukoo, wataikamata haidrojeni mara moja. Ningependa ufanye hivyo kabla ya kuwaeleza chochote.

Kwa nini ishike elektroni kwa nguvu kiasi hicho, wakati kiini chake kina protoni moja tu, na kile cha sodiamu kina protoni 11? Hapa ndipo penye mzizi wa mambo yote, kwa hiyo nitapachukulia muda.

Mpangilio wa elektroni za sodiamu ni 2:8:1. Ile moja ya mwisho iko ganda la tatu, na kati yake na kiini kuna elektroni 10. Elektroni hizo zina chaji hasi kama yake, zinaisukuma nje huku zikikikinga kiini kisiifikie kwa nguvu zake zote. Fikiria jioni ya mwezi wa saba kule Makete, watu wameuzunguka moto kwa mistari. Waliokaa mbele wanaota vizuri. Aliyesimama nyuma yao, hata moto uwe mkubwa namna gani, anapata joto kidogo tu, kwanza kwa sababu amekingwa na pili kwa sababu yuko mbali. Elektroni ya nje ya sodiamu ndiyo huyo wa nyuma. Protoni ni 11, lakini mvuto unaoifikia ni kidogo.

Haidrojeni haina mtu wa mbele. Elektroni yake ni moja, iko ganda la kwanza, na kati yake na protoni hakuna kitu. Mvuto ni wa protoni moja tu, lakini unafika mzima, tena kwa karibu sana. Hakuna elementi nyingine hata moja kwenye jedwali zima ambayo elektroni yake ya kikemia inakaa uso kwa uso na kiini. Heliamu nayo haina ganda la ndani, ila yenyewe haijishughulishi na kemia. Ukishalielewa hili, vituko vyote vya haidrojeni vinakuwa na maelezo.

Kituko cha kwanza ni hicho cha ugesi. Kwa kuwa atomu ya haidrojeni haiachii elektroni yake izurure, inachofanya ni kushirikiana na jirani mmoja. Kila mmoja anatoa elektroni yake moja, zinakuwa mbili, na ganda la kwanza likiwa na mbili limejaa. Basi, hapo shughuli imekwisha. Molekuli ya H₂ imetosheka, haina nafasi ya kumshika wa tatu. Kiungo kilichopo kati ya atomu hizo mbili ni imara, kilojuli 436 kwa moli, lakini mvuto kati ya molekuli moja na nyingine ni hafifu mno. Ndiyo maana haidrojeni huchemka kwenye nyuzi joto −253 za Selsiasi. Hilo ndilo jibu la binti yako: ni gesi kwa sababu imeshika elektroni yake kwa nguvu, ikaungana wawili wawili, na hao wawili hawahitaji mtu mwingine.

Kituko cha pili ndicho kilichowagawa waandishi wa vitabu. Ganda la kwanza linabeba elektroni mbili tu. Haidrojeni ina moja. Kwa hiyo unaweza kusema ina elektroni moja ya nje, kama sodiamu. Unaweza pia kusema imepungukiwa na elektroni moja ili ganda lijae, kama klorini. Kauli zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja. Sodiamu haiwezi kusema hivyo. Yenyewe ina moja na imepungukiwa na saba, kwa hiyo njia yake ni moja tu ya kufika kwenye utulivu: kuachia.

Na haidrojeni kweli hufanya yote mawili. Ukipasha moto sodiamu ndani ya gesi ya haidrojeni, sodiamu inatoa elektroni na haidrojeni inapokea. Unapata haidraidi ya sodiamu, NaH, kitu kigumu cha ioni kama chumvi, ambamo haidrojeni imekaa nafasi ileile inayokaliwa na klorini kwenye NaCl. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa haidraidi ya lithiamu. Ukiiyeyusha, kazi inayohitaji joto linalokaribia nyuzi 700, kisha ukapitisha umeme, gesi ya haidrojeni inatokea upande wa anodi, upande wa chanya. Wanafunzi wako wamekariri kwamba haidrojeni hutokea upande wa katodi, ule wa hasi. Ni kweli kwa maji na asidi. Lakini hapa inakwenda anodi kwa sababu ndani ya chumvi ile ilikuwa ioni hasi, H⁻.

Je, hiyo inaifanya halojeni, yaani ya ukoo wa florini na klorini? Hapana, na mwenye kitabu kile cha zamani naye hajashinda. Klorini inapopokea elektroni hutoa kilojuli 349 kwa moli, florini 328. Haidrojeni hutoa 73 tu. Inapokea, lakini bila hamu kubwa, kwa sababu protoni moja inakuwa na kazi ya kuzishika elektroni mbili zinazosukumana. Matokeo yake ioni ya H⁻ ni kubwa, legelege, na yenye hasira. Ioni ya kloraidi inakaa ndani ya maji ya chumvi miaka nenda miaka rudi. Ioni ya haidraidi haikai ndani ya maji hata kidogo. Ikiyagusa tu inanyakua haidrojeni kutoka kwenye maji na kuondoka kama gesi ya H₂. Isitoshe halojeni zina elektroni saba kwenye ganda la nje, haidrojeni ina moja. Ukiiweka juu ya florini unalazimika kuwaeleza wanafunzi kwa nini kanuni ya kuhesabu elektroni za nje imevunjwa pale tu.

Kuna dhana nyingine inayotembea sana madarasani, nayo inafichwa na jinsi tunavyoandika. Tunaandika Na⁺ na tunaandika H⁺, mwanafunzi anaona alama mbili zinazofanana, anadhani ni vitu vya namna moja. Sodiamu ikipoteza elektroni yake inabaki na nyingine 10, ni mpira kamili wenye ukubwa wake. Haidrojeni ikipoteza yake inabaki protoni tupu, kitu kidogo kuliko atomu takribani mara laki moja. Chaji yake yote chanya imebanwa mahali padogo kiasi hicho. Protoni ya namna hiyo haiwezi kuelea peke yake ndani ya maji. Inadaka elektroni za molekuli ya maji iliyo karibu na kuwa H₃O⁺, nayo inashikwa na maji mengine yanayoizunguka. Tunapoandika H⁺ kwenye milinganyo ya asidi tunafupisha tu. Na ndiyo maana HCl ikiwa kavu ni gesi ya molekuli inayochemka kwenye nyuzi −85, wakati NaCl ni chumvi inayoyeyuka kwenye nyuzi 801. Klorini ni ileile. Tofauti yote imeletwa na kwamba haidrojeni imekataa kuachia elektroni yake kama sodiamu ilivyoachia.

Na ile orodha ya metali kwa uwezo wa kuathiriana, ile inayoanza na potasiamu na kuishia dhahabu? Haidrojeni iko ndani yake, kati ya risasi na shaba, na wengi wanadhani imo kwa sababu ni metali. Imo kama alama ya mpaka. Metali zilizo juu yake zinaweza kuifukuza kutoka kwenye asidi, zilizo chini haziwezi. Waambie hivyo waziwazi, kwa sababu hapo ndipo dhana ya "haidrojeni ni metali" inapojificha na kurudi tena Kidato cha Nne.

Turudi kwenye jedwali. Mrusi Dmitri Mendeleev alipotoa jedwali lake mwaka 1869 hakujua lolote kuhusu elektroni, zilikuwa hazijagunduliwa. Alitazama uzito wa atomu na tabia za kampaundi. Katika toleo lake la mwaka 1871 kila kundi lina fomula ya oksidi yake juu, na kundi la kwanza limeandikwa R₂O. Maji ni H₂O. Haidrojeni ikakaa kundi la kwanza, na kwa mtazamo huo ilikuwa haki yake. Baadaye, mwaka 1913, Mwingereza Henry Moseley alitumia eksirei kuonyesha kwamba kinachopanga elementi ni namba ya atomu wala si uzito. Hapo haidrojeni ikathibitika kuwa namba 1, bila ubishi. Lakini namba 1 inakuambia tu kwamba itatangulia mbele ya wote. Haikuambii itasimama juu ya nani.

Leo chaguo ni nne. Ya kwanza ni juu ya lithiamu, na ndiyo utakayoikuta kwenye vitabu vingi vya shule na kwenye jedwali la IUPAC, chombo cha kimataifa cha kemia. Sababu yake ni elektroni moja ya nje na valensi ya moja. Angalia lakini uangalifu wao: IUPAC hao hao wanapotaja metali alkali, yaani zile metali laini za kundi la kwanza, wanaanzia lithiamu, na wanapotaja makundi makuu wanaandika kwamba haidrojeni haihesabiwi. Kuwa kwenye safu moja si kuwa wa familia moja. Ya pili ni juu ya florini, kwa hoja nilizokwisha kueleza: ni gesi, ni simetali, ni molekuli ya atomu mbili, na imepungukiwa moja. Ya tatu, ambayo wachache huitetea, ni juu ya kaboni, kwa kuwa ganda la nje la zote mbili limejaa nusu na uwezo wao wa kuvuta elektroni unakaribiana, 2.20 kwa haidrojeni na 2.55 kwa kaboni. Hii inaeleza vizuri kwa nini petroli, mafuta ya taa na mishumaa yote ni kaboni na haidrojeni zilizoshikana kwa amani, lakini haiendi mbali zaidi ya hapo. Ya nne ni kuiacha peke yake juu, kama bango lenu lilivyofanya.

Kwa maoni yangu, ile ya nne ndiyo yenye ukweli mwingi kuhusu haidrojeni, na ile ya kwanza ndiyo yenye ukweli mwingi kuhusu jedwali. Jedwali limejengwa juu ya kanuni ya kuhesabu elektroni, na ukianza kumpa kila mmoja mahali anapopapenda, kanuni inakosa maana. Ila mwanafunzi aelewe kwamba safu zilichorwa na watu ili ziwasaidie kufikiri. Haidrojeni haikuwahi kuahidi kuzifuata.

Hapo mwanafunzi mwerevu atakushika: "Kama kanuni ni elektroni za nje, heliamu ina mbili, mbona haiko juu ya beriliamu na magnesiamu?" Jiandae, maana yule binti atauliza. Heliamu tumeiweka kwa tabia. Ganda lake limejaa, haiathiriani na kitu, kwa hiyo ikapelekwa kundi la gesi ajizi ingawa wenzake wa pale wana nane. Kwa hiyo kwenye mstari wa kwanza wa jedwali, wenye elementi mbili tu, moja imewekwa kwa hesabu na nyingine kwa tabia. Ganda la kwanza ni dogo mno, na mstari wake haufanani na mingine yote. Na kwa kuwa mko Rungwe, waambie pia kwamba heliamu si hadithi ya mbali. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba gesi hiyo ipo ardhini kwenye bonde la Rukwa, huko huko kwa jirani zenu.

Kwa chati yako basi, ningechora hivi. Kisanduku cha haidrojeni kiwe safu ya kwanza, lakini uache nafasi ya kidole kati yake na lithiamu, visigusane. Kipake rangi ya simetali, ileile ya oksijeni na naitrojeni. Pembeni andika kwa kalamu nene: "Elektroni 1 ya nje, lakini si metali alkali." Kwenye heliamu andika: "Elektroni 2, ganda limejaa." Maandishi hayo mawili yatakufanyia kazi mwaka mzima. Usiichore mara mbili, juu ya lithiamu na tena juu ya florini, kama baadhi ya vitabu. Nimeona wanafunzi wakidhani ni elementi mbili tofauti.

Kuhusu mtihani, wafundishe kusoma swali linataka nini. Likiuliza haidrojeni iko kundi gani kwenye jedwali, waandike kundi la kwanza na sababu: ina elektroni moja kwenye ganda la nje. Likiuliza inavyofanana na kundi la kwanza, wataje elektroni moja, valensi ya moja, na kuunda ioni yenye chaji moja chanya. Likiuliza inavyotofautiana, wataje kwamba ni gesi na simetali, kwamba haipitishi umeme, kwamba ni molekuli ya atomu mbili, na kwamba inaweza pia kupokea elektroni. Wasiandike kamwe kwamba haidrojeni ni metali alkali. Na mwanafunzi akiandika kwamba mahali pa haidrojeni panabishaniwa, akatoa hoja za pande zote, mimi ningempa alama zote, lakini msahihishaji anafuata mwongozo alionao mezani. Wazoeze kuanza na jibu la kitabu, ndipo waongeze.

Kuna jambo moja zaidi nisingependa ulifunge kabisa. Nimesema haidrojeni tunayokutana nayo duniani si metali. Mwaka 1935 wanafizikia Eugene Wigner na Hillard Huntington walipiga hesabu wakatabiri kwamba ikigandamizwa vya kutosha, molekuli zitavunjika, elektroni zitaachiwa, na haidrojeni itakuwa metali. Mgandamizo waliofikiria, takribani mara 250,000 ya ule wa hewa, ulikuja kuonekana kuwa mdogo mno. Mwaka 1996 maabara ya Livermore huko Marekani iliigandamiza haidrojeni ya kimiminika kwa kishindo, kwa mgandamizo unaozidi mara milioni moja ule wa hewa, na kwa muda mfupi sana ikapitisha umeme kama metali. Mwaka 2017 watafiti wa Harvard walidai kupata haidrojeni metali iliyo yabisi, lakini wengine walipinga ushahidi wao. Ndani ya sayari ya Mshtarii, wanasayansi wanaamini sehemu kubwa ya haidrojeni iko katika hali hiyo, na ndiyo chanzo cha nguvu kubwa ya sumaku ya sayari ile. Kwa hiyo binti akikuuliza kama haidrojeni haiwezi kamwe kuwa metali, mjibu kwamba inaweza, pale inapolazimishwa kuachia elektroni yake. Ni sababu ileile tuliyoanza nayo.

Sasa kuhusu kuwaonyesha. Bila maabara unaweza kufanya jambo dogo na salama. Chukua glasi ya maji, koroga kijiko cha magadi, chonga penseli mbili pande zote mbili, na unganisha kila moja na waya kwenye betri nne za tochi zilizofuatana. Zamisha ncha za penseli ndani ya maji zisigusane. Viputo vitaanza, na upande uliounganishwa na hasi vitakuwa vingi zaidi. Hiyo ndiyo haidrojeni. Waite wanafunzi wachache wachache wasogeze macho karibu, wahesabu upande upi una viputo vingi, kisha geuza waya waone viputo navyo vimehama. Fanya mahali penye hewa, dirisha wazi, pasipo moto, na iache gesi ipotee. Usiikusanye. Usitumie chumvi ya mezani badala ya magadi, kwa sababu chumvi inatoa klorini upande wa pili, na hiyo ni sumu.

Lile jaribio la zinki na asidi, ambapo kijiti cha moto kinatoa mlio wa "pop" mdomoni mwa testityubu, usilifanye darasani kwa vifaa vya kuokoteza. Najua walimu wanaonunua maji ya betri kwa fundi na kuchuna zinki kwenye betri kuukuu. Maji yale ni asidi ya salfuriki yenye nguvu ya kula ngozi na kupofusha jicho. Na haidrojeni ikichanganyika na hewa inalipuka ikiwa kuanzia asilimia 4 hadi 75 ya mchanganyiko, yaani karibu kwa kiasi chochote utakachopata. Chupa ya soda iliyojaa mchanganyiko huo karibu na kiberiti inarusha vioo. Usijaze puto pia, hata wanafunzi wakuombe vipi. Mtu akimwagikiwa asidi, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 hivi, vua nguo iliyolowa, na umpeleke kituo cha afya. Ikiwa ni jicho, usingoje kuona kama litapoa.

Kwa jaribio hilo tafuta mtu wa kusimama naye. Zungumza na mkuu wako wa shule aandike barua kwa shule yoyote ya jirani yenye maabara na fundi sanifu wa maabara, mpeleke darasa siku moja. Ikishindikana, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya hakiko mbali na ninyi, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa hapa Iringa ndiko wanakofundishwa walimu wa sayansi. Andika kwa idara ya kemia, eleza idadi ya wanafunzi, kidato, na jaribio mnalotaka kuliona, kisha uombe kwanza uje mwenyewe ulifanye mbele ya mtu mwenye uzoefu kabla hujawaleta watoto. Na yule binti mje naye.